Mbwa anajikuna usiku kucha? Mapitio yangu ya Apoquel, kidonge cha viroboto na shampuu ya dawa

Nianze na jibu kabisa kwa asiye na muda. Apoquel, kidonge cha kuzuia muwasho kwa mbwa, ni dawa nzuri, naipa nyota 4 kati ya 5, ila isiwe kitu cha kwanza kununua. Hela yako ya kwanza ipeleke kwenye kidonge cha viroboto, hata kama uko tayari kuapa mbwa wako hana hata kiroboto mmoja, ya pili ipeleke kwenye shampuu ya dawa, halafu ndo uje kwenye Apoquel, na ukifika hapo uwe umeshaonana na daktari wa mifugo aliyemshika huyo mbwa kwa mikono yake, sio aliyetumiwa picha WhatsApp.

Mbwa wangu anaitwa Popi, mchanganyiko wa German Shepherd na mbwa wetu wa kawaida, kilo 30 hivi. Tuko Dar, nyumba ina uwanja wa mchanga na banda nyuma, paka wa majirani wanapita wanavyotaka. Alianza kuwashwa akiwa bado kijana, mwanzoni mgongoni karibu na mkia, manyoya yakapukutika pale ngozi ikabaki wazi, baadae akahamia miguu ya mbele, analamba vidole mpaka manyoya meupe yakageuka rangi ya kutu, kwapani pekundu, masikio yananuka. Na usiku ndo balaa, maana mchana ana mambo mengi ya kumsahaulisha, usiku kabaki yeye na muwasho wake. Inauma sana kumuangalia mnyama anajing'ata mpaka anatoa damu na hawezi kukwambia ni nini.

Kitu kilichonisaidia kuliko vyote ni kuelewa kwamba sehemu anayojikuna inaongea. Kiunoni, shina la mkia na nyuma ya mapaja, hapo washuku viroboto kwanza. Vidole, kwapa, tumbo, masikio na kuzunguka mdomo na macho, hapo ni mzio wa vitu vya hewani na majumbani, vumbi, utitiri wa vumbi, chavua, fangasi, na mara nyingi huu unaanza mbwa akiwa kati ya miezi 6 na miaka 3. Ncha za masikio na viwiko vikiwa na magamba na anajikuna kama kichaa, na watu wa nyumbani nao wameanza kutokwa na vipele mikononi, huo ni upele wa utitiri, unaambukiza mpaka binadamu, usicheleweshe hata siku moja. Mzio wa chakula nao unafanana kabisa na huo wa hewani, kwa macho huwezi kuutofautisha. Na mbwa mmoja anaweza kuwa na viwili vitatu kwa pamoja, wangu ndo alikuwa hivyo.

Sasa viroboto. Daktari alichukua kile kitana chenye meno yaliyobanana, akapitisha mgongoni, akakung'uta uchafu mweusi kwenye karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji, zile punje zikaanza kutoa rangi nyekundu ya kahawia. Hicho ni kinyesi cha viroboto, ni damu iliyomeng'enywa, udongo wa kawaida hautoi rangi hiyo. Fanya hata nyumbani kwako leo, tishu nyeupe na maji yanatosha. Kiroboto mwenyewe unaweza usimuone kabisa maana mbwa mwenye mzio anajilamba anawameza, na hawahitajiki wengi, mzio unatokana na mate ya kiroboto kwahiyo kung'atwa mara chache tu kunamtosha kuwashwa siku nyingi. Halafu wale wakubwa wanaorukaruka kwenye manyoya ni kama asilimia 5 tu ya ukoo mzima, waliobaki ni mayai, vifunza na vile vifuko ambamo vifunza vinageuka kuwa viroboto, vyote viko chini, kwenye mchanga wa banda, kwenye magunia anayolalia, chini ya makochi. Jike mmoja anataga mayai 40 mpaka 50 kwa siku. Ndo maana unamuogesha mbwa Jumamosi anang'aa, Jumatano uko palepale, na joto letu la pwani na unyevu wake hakuna msimu wanaopumzika.

Kwa hiyo kidonge cha viroboto naipa nyota 5 bila kusita. NexGard ni ya kila mwezi, ndani yake kuna afoksolana, Bravecto ina fluralana na inakaa wiki 12, zote ni familia moja ya dawa na zinaua kupe pia, jambo ambalo kwetu ni faida kubwa maana homa ya kupe inaua mbwa wengi. Faida ya kidonge kuliko dawa ya kudondoshea mgongoni ni kwamba unaweza kumuogesha shampuu ya dawa mara mbili kwa wiki bila kuogopa umeosha na kinga. Sisi tuliendelea bila kuruka hata mwezi na mbwa wote wa nyumba wakapewa, yale magunia tukachoma, tukamwekea blanketi linalofulika, linafuliwa kwa maji ya moto kila wiki, mchanga wa bandani tukauondoa tukamwaga zege. Nywele za mkiani zilirudi kabla hata sijanunua dawa nyingine yoyote. Usitegemee siku ya pili yake viroboto wameisha lakini, vile vifuko vinaweza kukaa miezi vikiendelea kuangua, wanaotoka wanapanda kwa mbwa wanakufa, kwahiyo utaona wapya kwa muda na hiyo haimaanishi dawa ni feki.

Tahadhari yake: mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tangazo kwamba familia hii ya dawa inaweza kuleta kutetemeka au kifafa kwa baadhi ya mbwa. Wengi hawapati shida, ila kama wako ana historia ya kifafa mwambie daktari kabla. Na kama nyumbani una paka, zile dawa za kudondoshea za mbwa zenye pamethrini zisimsogelee, zinaua paka kabisa.

Shampuu. Tafuta yenye klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, na kama ngozi inanuka uvundo, ina mafuta mafuta na imekuwa nene nyeusi kama ya tembo, tafuta iliyochanganywa na mikonazoli maana hapo kuna fangasi kwenye mchezo. Mbwa mwenye mzio ngozi yake haina ulinzi mzuri, bakteria na fangasi wanaokaa pale siku zote wanapata nafasi wanazaliana, nao wenyewe wanaongeza muwasho, ndo maana wengine wanapewa dawa ya kuzuia muwasho na bado wanajikuna. Daktari anabandika selotepu kwenye ngozi, anaipaka rangi, anaangalia kwenye darubini, dakika chache tu anajua ni nani kakaa pale. Omba hicho kipimo, usione aibu.

Siri ya shampuu hii ni dakika 10. Unampaka, povu linakaa dakika 10 kwenye ngozi, ndo unasuuza, na unasuuza haswa mpaka maji yatoke safi. Ukimpaka na kumwagia maji hapohapo umemwaga hela mferejini. Sisi tunaanza na miguu na kwapa kwenye mateso, tunamalizia mgongo, mtoto mmoja kazi yake ni kumshika na kumuongelesha, maji yasiwe ya moto maana joto linaongeza muwasho. Ukimkausha, mkaushe na katikati ya vidole. Naipa nyota 4 na nusu, hiyo nusu nimetoa kwa sababu ni kazi, na ukiacha wiki mbili harufu inaanza kurudi. Sabuni ya kufulia na shampuu zetu sisi binadamu hapana, ngozi ya mbwa sio kama yetu, zinamkausha tu.

Haya, Apoquel yenyewe. Jina la dawa ni oklasitinibu, inatengenezwa na Zoetis, Marekani waliiruhusu 2013. Namna inavyofanya kazi ndo kinachonifurahisha: mwili wenye mzio unatoa protini ndogo zinazopeleka habari ya muwasho kwenye mishipa ya fahamu, mojawapo inaitwa intalukini 31, hii dawa inafunga mlango ambao hiyo habari inapitia, kwahiyo haimleweshi mbwa wala haimlazi, inakata simu tu. Na inakata haraka, masaa machache. Popi alipewa asubuhi, usiku wake kalala. Na sisi tukalala. Miguu ikaanza kukauka, rangi ya kutu ikawa inaondoka taratibu jinsi manyoya yanavyoota upya, akarudi kuchimba mashimo na kukimbiza kunguru, ukweli nilifurahi mpaka nikapiga simu kwa dada yangu kumwambia.

Dozi ni miligramu 0.4 mpaka 0.6 kwa kilo, mara mbili kwa siku isizidi siku 14, baada ya hapo mara moja kwa siku. Vidonge viko vya miligramu 3.6, 5.4 na 16, mbwa wa kilo 30 anaangukia kimoja cha 16. Kwahiyo mpime uzito, usikisie. Ukishuka kwenda mara moja kwa siku baadhi ya mbwa muwasho unarudi kidogo, hasa jioni, wengi wanatulia wenyewe, usirudishe mara mbili kwa uamuzi wako.

Nyota moja niliyoitoa ina sababu mbili. Ya kwanza ni gharama, ni kidonge cha kila siku, na mwenye mbwa mkubwa anajua maumivu yake mwisho wa mwezi. Ya pili ni kwamba inazima muwasho tu, chanzo kiko palepale, ukiiacha na viroboto bado wapo mnaanza moja. Na sio ya kila mbwa: chini ya miezi 12 hapana, mwenye maambukizi makali hapana, mwenye uvimbe wa saratani ongea na daktari kwa kina, kwa sababu inagusa kinga ya mwili na inaweza kuwapa nafasi hata wale utitiri wa ndani ya vinyweleo. Daktari wetu anataka vipimo vya damu mara kwa mara kwa anayetumia muda mrefu, na nadhani ni haki.

Ipo pia sindano ya Cytopoint, hiyo ni kingamwili inayokamata ile intalukini 31 moja kwa moja, inachomwa chini ya ngozi, inadumu wiki 4 mpaka 8, na hata mbwa wa chini ya miezi 12 anaweza kupata. Kama kliniki yako inayo, waulize inahifadhiwaje, maana inatakiwa ikae kwenye friji muda wote, nyuzi 2 mpaka 8, na umeme wetu tunaujua. Mimi sijamchoma kwahiyo siipi nyota.

Predinisoloni ndo ile dawa ya bei rahisi ambayo wengi tunaanziwa. Inafanya kazi, na kwa siku chache muwasho ukiwa mkali sina ugomvi nayo kabisa, ila mbwa anakunywa maji ndoo nzima, anakojoa ndani, anakula kila kitu, na ukiendelea miezi anapata tumbo la kuning'inia na misuli inaisha. Na usiikate ghafla baada ya kuitumia muda mrefu, inashushwa kidogo kidogo. Piriton na setirizini za duka la dawa, matokeo kwa mbwa ni madogo, wachache wanasaidika, na hakikisha hazijachanganywa na dawa ya mafua maana zile ni sumu kwao.

Kuhusu chakula, kama ukishamaliza viroboto na maambukizi bado mbwa anawashwa mwaka mzima, jaribu kumtoa kwenye vyakula alivyozoea. Vinavyoongoza kwa mzio wa mbwa ni nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano. Kwetu mbwa anakula ugali na dagaa, mifupa ya bucha, utumbo, vichwa vya kuku, sasa tafuta nyama ambayo hajawahi kuila, sungura au mbuzi, na viazi vitamu, hivyo tu kwa wiki 8. Hivyo tu maana yake hivyo tu jamani, hamna kipande cha chapati anachotupiwa na mtoto, hamna kidonge chenye ladha ya nyama bila kumuuliza daktari. Baada ya hapo mrudishie chakula cha zamani, muwasho ukirudi umepata jibu. Vipimo vya damu vya mzio wa chakula usivilipie, haviaminiki.

Na kitu kinachoniuma bado nakiona mtaani: oil chafu ya gereji. Mbwa anapakwa mwili mzima eti inaua ukurutu. Yule mbwa anajilamba, anameza mafuta ya injini yenye madini ya sumu, ngozi inaungua chini kwa chini. Vilevile dawa za kuogeshea ng'ombe zinazokisiwa kwa kizibo, mbwa anaanza kutoa udenda na kutetemeka, mwisho anakufa na watu wanasema karogwa. Ivamektini ya mifugo nayo, kuna mbwa wenye kasoro ya kijeni, hasa aina ya Collie na baadhi ya German Shepherd, dozi kubwa inaingia mpaka kwenye ubongo. Mwenye mchanganyiko kama wa kwangu asithubutu.

Kama hela ni ya kitu kimoja tu mwezi huu, nunua kidonge cha viroboto. Zikibaki kidogo, shampuu. Ukiwa Morogoro hospitali ya wanyama ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, iko hapo hapo chuoni, kwingine ulizia daktari mwenye darubini. Dukani wanapokuuzia kidonge kimoja kimoja omba kuona boksi lenyewe, soma tarehe ya mwisho na uzito wa mbwa ulioandikwa, maana kidonge cha mbwa wa kilo 10 hakimsaidii wa kilo 30.