Topsy-Turvy: utamu wake uko kwenye mazoezi

Kama umezoea filamu zinazokunasa tangu dakika ya tano, hii itakutesa. Topsy-Turvy ya mwongozaji Mike Leigh, iliyotoka mwaka 1999, ina urefu wa saa mbili na dakika arobaini, na sehemu kubwa ya mwanzo wake ni wanaume wawili waliochokana lakini wana adabu mno hata hawawezi kutukanana. Nilikaribia kuizima. Sasa ndiyo filamu ninayomsumbulia kila rafiki yangu anayejihusisha na jukwaa.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Tuko London, mwaka 1884. W. S. Gilbert anaandika maneno, Arthur Sullivan anatunga muziki, na opera zao za kuchekesha ndizo zinazomlisha Richard D'Oyly Carte, mwenye ukumbi wa Savoy. Kazi yao mpya, Princess Ida, haikupokelewa vizuri, na joto la kiangazi linawafukuza watazamaji. Sullivan, ambaye figo zinamsumbua, anaona anapoteza kipaji chake kwenye vichekesho. Anataka kutunga muziki mzito. Gilbert anamletea tena hadithi ya kidonge cha ajabu kinachobadilisha watu. Sullivan anakataa katakata. Mkataba upo, opera haipo.

Ndipo Kitty, mke wa Gilbert, anapomburuta mumewe hadi kwenye maonyesho ya Wajapani kule Knightsbridge. Upanga alionunua unaanguka kutoka ukutani, macho yanamng'aa, na hapo The Mikado, opera yao ya kuchekesha inayotokea Japani, inazaliwa. Inapendeza, ila usiichukue kama historia: maonyesho yale yalifunguliwa Januari 1885, na Gilbert alikuwa ameshaanza kuandika.

Kuanzia hapo sikunyanyuka tena kwenye kiti. Leigh anatuingiza kwenye mazoezi na anatuacha humo, bila haraka. Gilbert, anayeigizwa na Jim Broadbent, amekaa na waigizaji wake wakipitia maneno. Anawakatiza sentensi kwa sentensi: mkazo umekaa vibaya, rudia, umepita mbele ya mwenzako, rudia. Hacheki hata kidogo, na kile wanachokitengeneza ni kichekesho. Aliyewahi kuimba kwaya chini ya mwalimu asiyesamehe noti moja anamjua mtu huyu. Kwenye kupima mavazi, mwimbaji Durward Lely anagoma kupanda jukwaani bila koseti, lile vazi la ndani la kubana kiuno, na mabishano yanakwenda kwa uzito wote kana kwamba ni kesi ya mauaji. Nilicheka hadi nikarudisha nyuma nitazame tena.

Kuna sehemu iliyonikaa vibaya, na nadhani ilikusudiwa hivyo. Gilbert anawaleta wanawake wa Kijapani kutoka kwenye maonyesho ili waigizaji wa kike wajifunze jinsi ya kutembea na kushika kipepeo cha kujipepea. Hawajui Kiingereza, na hakuna anayewauliza chochote. Wanatembezwa, wanatazamwa, wanaigwa, basi. Halafu Waingereza waliojipaka poda wanapanda jukwaani kuwa Japani. Filamu haihubiri juu ya hilo. Inatuonyesha tu, kama inavyotuonyesha waigizaji wakila chaza mgahawani huku wakilalamikia kifo cha Jenerali Gordon wa Uingereza kule Khartoum, bila yeyote kujiuliza Gordon alikuwa akitafuta nini Sudan.

Timothy Spall ndiye aliyenimaliza. Anamwigiza Richard Temple, anayecheza Mikado mwenyewe, yaani mfalme wa Japani. Baada ya mazoezi ya mwisho ya mavazi Gilbert anaufuta wimbo wake, wimbo pekee anaouimba peke yake. Temple hagombi; uso unamwanguka tu, anajaribu kuwa mstaarabu na hawezi. Kisha wanakwaya wanakusanyika ngazini kumwombea mwenzao, huku wakitetemeka kwa woga wa bosi. Gilbert anaurudisha. Dakika chache tu hizo, ila zinaeleza namna kundi la sanaa linavyoishi kuliko hotuba yoyote. The Mikado ilifunguliwa tarehe 14 Machi 1885 na ikaonyeshwa mara 672.

Filamu ilipata Oscar mbili, za mavazi na za vipodozi, na ilistahili. Nyimbo wameimba waigizaji wenyewe, jambo unalolisikia: sauti zina pumzi na jasho. Lesley Manville, yaani Kitty, anaonekana kwa nadra mno kwa kipaji alicho nacho. Mazungumzo yake na mumewe chumbani baada ya onyesho la kwanza, anapojaribu kumwambia kuhusu watoto wasio nao kwa kujifanya anabuni opera mpya, yamenifanya nitamani filamu ingempa nusu ya muda aliopewa Sullivan.

Angalizo kwa wenye familia: kuna danguro la Paris na kuna mtu anajidunga mofini, kwa hiyo walaze watoto kwanza. Kiingereza chao ni cha enzi za Malkia Victoria, kirefu na cha mafumbo, na nakala niliyotazama haikuwa na maandishi ya Kiswahili. Washa ya Kiingereza hata kama lugha unaijua. Mimi nimeipa nyota nne. Ya tano imeliwa na ile saa ya kwanza.