Kihisi mwanga cha MoS₂ na WSe₂: kweli hakitaki betri?

Chenyewe hakitaki. Mashine utakayokifunga ndiyo inayotaka, na tangazo la bidhaa halisemi hivyo.

Aina inayopimwa hapa ni gamba la molibdeni disalfaidi (MoS₂) lililolazwa juu ya gamba la tungsteni diselenaidi (WSe₂). Tabaka moja la kila kimojawapo lina unene wa nanomita 0.7 hivi. Mwanga ukipiga pale magamba yanapopandana, elektroni huhamia MoS₂ na matundu (nafasi tupu zinazoachwa na elektroni) husogea WSe₂, maana ngazi za nishati za pande mbili zimepishana. Mkondo hutiririka kwa volti 0, kama katika seli ya sola. Gizani hutulia hadi mita nyingi zishindwe kuusoma, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Karatasi ya vipimo isome kwa jicho kali. Ukikuta ampea 2 kwa wati (mkondo unaotoka kwa kila wati ya mwanga), mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 532, bila volti, uliza maswali. Kila fotoni, yaani chembe ya mwanga, ikitoa elektroni moja na isipotee hata moja, kikomo ni ampea 0.43 kwa wati: gawanya 532 kwa 1240, namba isiyobadilika ya kugeuza urefu wa wimbi kuwa nishati ya fotoni. Mara nyingi tatizo ni eneo lililotumika kwenye hesabu. Leza ya miliwati 1 yenye doa la kipenyo cha milimita 1, mwanga ukisambaa sawasawa, huangushia mraba wa mikromita 10 kwa 10 nanowati 127 tu. Mtengenezaji akihesabu mpandano peke yake ilhali mwanga unavunwa hadi kando yake, tarakimu huvimba.

Kwa ampea 0.1 kwa wati, nanowati hizo 127 hutoa nanoampea 13 hivi. Amplifaya yenye rezista ya megaohmu 10 itakupa milivolti 130 zinazosomeka. Betri inaliwa na hiyo amplifaya.

Anayejitengenezea anahitaji selotepu ya kubandulia magamba, kisahani cha silikoni chenye oksidi ya nanomita 285 au 300 (kwa unene huo hata tabaka moja huonekana kwa hadubini ya kawaida), na mpira laini wa PDMS wa kuhamishia gamba moja juu ya jingine. Shusha mpira polepole. Ukiharakisha, viputo hunaswa katikati na chaji hazivuki. Kupasha nyuzi 200 kwenye ombwe hupunguza uchafu. Ukipasha hewani unakaribisha oksidi. Kwa miguso ya chuma ya kutolea mkondo, upande wa WSe₂ weka platini au paladi, wa MoS₂ titani. Kisha tembeza doa dogo la leza juu ya kifaa chote: mkondo ukiwa mkali kwenye kingo za chuma kuliko kwenye mpandano, unachosifia ni kazi ya miguso.

Fosforasi nyeusi, gamba jingine linalotumika kwenye vihisi vya namna hii, huona infraredi zaidi, ila huoza hewani upesi. Bila kifuniko cha boroni naitraidi usiiguse.

Diodi ya kawaida ya silikoni nayo hufanya kazi kwa volti 0, na karibu na nanomita 900 hutoa takriban ampea 0.5 kwa wati. Tabaka moja la MoS₂ hunywa chini ya asilimia 10 ya mwanga unaoliangukia. Kwa kupima mwanga tu, chukua silikoni. Kihisi hiki kinafaa pale unapotaka kitu kinachopinda, kinachopitisha mwanga, au cha kupachikwa juu ya saketi nyingine. Nyota 3 kati ya 5.