Kadi ya sauti ya USB kwa kompyuta iliyokosa sauti: inatibu nini, haitibu nini (uzoefu wangu, Dodoma)

Kadi ninayoizungumzia ni ile ndogo ya ukubwa wa flashi: upande mmoja ina pini ya USB, upande wa pili ina tundu la kijani la spika au hedifoni na tundu la waridi la maikrofoni. Nyingi hazina hata jina la kampuni. Hapa Dodoma zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya simu na kompyuta katikati ya mji. Yangu ilikuwa Sh 12,000. Naitumia kwenye kompyuta ya mezani yenye Windows 10, ambayo sakiti yake ya sauti kwenye mazabodi (bodi kuu ya ndani) imekufa, na wakati mwingine kwenye laptopu yenye Linux. Kwa kazi hiyo inastahili kila shilingi. Lakini wengi wanaonunua hawaihitaji, na kuna sababu.

Ukiichomeka, Windows inaitambua yenyewe ndani ya sekunde chache bila diski wala kupakua draiva (programu inayoendesha kifaa). Inajiandikisha kwa jina kama "USB Audio Device" au "USB PnP Sound Device", na mara nyingi sauti yote inahamishiwa kwake papo hapo. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kama sauti ilikuwa imepotea kwa sababu Windows ilichagua njia isiyo sahihi ya kutolea sauti, kadi itaonekana imeponya ugonjwa, kumbe imebadilisha njia tu. Mibofyo michache ingetosha, bure.

Njia inayopotosha zaidi ni monita. Ukiunganisha monita kwa HDMI au DisplayPort, Windows inaweza kuihesabu kuwa spika hata kama haina spika ndani. Muziki unapigwa, alama ya spika haina msalaba, na chumba kimya. Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, bofya alama ya spika karibu na saa. Kwenye Windows 10 bofya jina la kifaa lililo juu ya mstari wa sauti. Kwenye Windows 11 bofya kialama kilicho kulia kwa mstari huo. Chagua "Speakers" badala ya jina la monita.

Ikishindikana, kuna kipimo kimoja ninachokiamini kuliko vyote. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, kisha Enter. Kwenye ukurasa wa "Playback" utaona kila kifaa na vijistari pembeni yake. Piga wimbo wowote uviangalie. Vijistari vya kijani vikipanda na kushuka bila wewe kusikia kitu, programu imefanya kazi yake, na tatizo liko kwenye tundu, waya, spika au kwenye njia iliyochaguliwa. Visipotikisika kabisa, hangaika na programu na usiguse waya. Kipimo hiki kinakupunguzia nusu ya safari.

Upande wa programu, anza na kichanganyio cha sauti: bofya kulia alama ya spika, fungua "Volume mixer", uone kama kivinjari chako peke yake ndicho kilichozimwa. Wanaohudhuria mikutano kwa Zoom waangalie na mipangilio ya Zoom yenyewe, kwa kuwa inaweza kuwa imechagua spika yake bila kujali chaguo la Windows. Baadaye bonyeza Windows na R tena, andika services.msc, tafuta "Windows Audio Endpoint Builder" na uianzishe upya. Itakuomba kuanzisha pia "Windows Audio", kubali. Zote mbili ziwe "Running" na "Automatic". Bado? Nenda "Device Manager", iondoe draiva ya sauti, zima na uwashe kompyuta, Windows itaiweka tena.

Kama kwenye orodha hiyo hakuna kifaa chochote cha sauti, ingia kwenye bayosi (mipangilio ya kompyuta inayofunguka kabla ya Windows kuwaka). Kompyuta nyingi za mezani za mtumba tunazonunua zilitoka maofisini, na kuna ofisi zilizokuwa zinazima sauti huko makusudi. Bonyeza F2 kwa Dell au F10 kwa HP mara tu unapowasha, tafuta mstari wenye neno "Audio", ufungulie, hifadhi utoke. Fundi anayetaka kupiga Windows upya kabla ya kufungua bayosi, mzuie. Atakuchukulia hela na mafaili, na sauti isirudi.

Sasa tuje kwenye vumbi, kwa sababu kwa mji wetu hili ndilo zito. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua inakuwa imetuacha, upepo unavuma, na kompyuta iliyo karibu na dirisha Nkuhungu au Nzuguni inavuta udongo mwekundu mchana kutwa. Ndani ya tundu la sauti kuna ulimi mdogo wa bati wenye springi. Pini ikiingia inausukuma kando, na hivyo ndivyo kompyuta inavyojua kwamba umechomeka hedifoni, ikazima spika ya ndani. Vumbi likishikana na unyevu wa mikono linaushikilia ulimi huo kando. Kompyuta inaamini hedifoni ipo, spika ya ndani inabaki kimya, na hakuna mpangilio wa Windows utakaoirudisha.

Dawa yake ni hii. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme. Puliza tundu kwa blowa ya mkono, usitumie mdomo maana mate yanaongeza tope. Zungushia pamba kidogo kwenye njiti ya meno, ilowanishe kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, safisha tundu polepole, kisha ingiza pini na kuitoa mara kumi hivi huku ukiizungusha. Acha likauke dakika kumi na tano. Usitumie tina wanayotumia baadhi ya mafundi simu, inakula plastiki.

Jaribu pia tundu la nyuma kabla ya kulihukumu la mbele. Matundu ya mbele yanafika kwenye mazabodi kwa waya wenye soketi ya pini tisa, na fundi aliyefungua kasha kupuliza vumbi akisahau kuurudisha, mbele panakufa huku nyuma pakiwa pazima.

Ukishapita hayo yote na tundu la nyuma halitoi kitu hata kwa spika uliyoipima kwenye simu, hapo kadi ya USB ndiyo jibu, kwa sababu inaikwepa kabisa sakiti ya sauti ya mazabodi. Itafanya kazi hata kama sauti imezimwa kwenye bayosi.

Ubora wake kwa hedifoni na spika ndogo za mezani unatosha: mazungumzo safi, muziki unaosikilizika, besi ya wastani. Kwa sabufa, tumia waya wenye pini ya milimita 3.5 upande mmoja na pini nyekundu na nyeupe upande wa pili. Weka sauti ya kompyuta kwenye 80 hivi, kisha ongeza kwa kitasa cha sabufa. Ukisikia mvumo usiokoma, kompyuta na sabufa zichomekwe kwenye ekstensheni moja. Kwa laptopu, chomoa chaja. Mvumo ukikata, shida ni ya ethi (waya wa ardhi) ya umeme na kadi haina hatia.

Maikrofoni ni upande dhaifu. Kuna mchakacho wa chini unaosikika ukipandisha sauti ya kurekodi, kwa hiyo inafaa kwa mkutano lakini haifai kurekodi kwaya. Halafu hesabu mistari myeusi kwenye pini ya hedifoni yako. Za simu zina mistari mitatu, na kwenye kadi ya matundu mawili utasikia ila hutasikika. Unahitaji waya wa kugawa pini hiyo kuwa mbili.

Kasoro mbili zaidi. Ukiihamishia tundu lingine la USB, Windows inaiona kama kifaa kipya na mipangilio ya sauti inarudi mwanzo, basi ichagulie tundu moja la nyuma uiache hapo. Pia baada ya ukimya mrefu inasinzia na kumeza silabi ya kwanza ya anayeongea. Hilo nililiondoa kwenye mipangilio ya umeme, sehemu ya "USB selective suspend", nikaweka "Disabled". Kwenye Linux ilifanya kazi mara moja; ikiwa kimya, fungua alsamixer (kichanganyio cha sauti cha Linux, kinachoandikwa kwenye terminali), bonyeza F6 uichague, na herufi MM chini ya mstari ziondoe kwa kubonyeza M.

Dukani usiondoke bila kuijaribu. Mwombe muuzaji aichomeke kwenye kompyuta yake, uvae hedifoni, kisha kwenye ukurasa ule ule wa mmsys.cpl ubonyeze "Test": sauti ianze kushoto, ifuate kulia. Tikisa pini taratibu ikiwa ndani. Ikikwaruza au upande mmoja ukikata, omba nyingine, maana solda ya tundu hilo tayari imelegea. Ukipata nzima, nunua na kebo fupi ya kuongezea USB, ili mguu au ufagio unaopita nyuma ya meza usiivunje pamoja na tundu la kompyuta.