Kiti cha magurudumu na kusindikizwa eapoti kwa mzazi anayesafiri peke yake: nyota 4 kati ya 5

Wanafunzi mlioko nje mnaotaka mzazi aje awaone, someni hii kabla hamjakata tiketi. Naongelea ile huduma ya mzazi kupokelewa eapoti na mhudumu mwenye kiti cha magurudumu, anasukumwa na kusindikizwa toka kaunta mpaka mlango wa ndege na akifika anatolewa mpaka nje kabisa. Wengi wanadhani ni ya wagonjwa tu na wengine wanadhani inalipiwa. Mama yangu ni mtu mzima, magoti yanamsumbua, lugha ya huku ninakosoma haijui na ya kule alikobadilishia ndege pia haijui, na amekuja mwenyewe mwanzo mwisho. Bila hii huduma asingekuja, wala mimi nisingethubutu kumwambia aje.

Hela kwanza maana ndo swali la kila mtu: ni bure. Ulaya iko kisheria, kanuni namba 1107 ya mwaka 2006 ya Umoja wa Ulaya inasema uwanja wa ndege wenyewe ndo wenye jukumu la kumsaidia abiria mwenye shida ya kutembea, na ni marufuku kumtoza. Marekani wana sheria yao ya 1986 na kule jukumu ni la shirika la ndege. Kwa hiyo ajenti akikwambia ongeza kidogo nikuwekee kiti, achana nae, piga simu shirika lenyewe uombe bila kulipa chochote.

Sasa hapa kwenye kuomba ndo penye kazi. Ukisema tu "mama yangu anahitaji kiti" wanakuandikia chochote, wakati mashirika yana vifupisho vyao vya herufi nne na kila kimoja kina maana yake. WCHR ni mtu anayepanda ngazi na kutembea ndani ya ndege vizuri ila mwendo mrefu hauwezi. WCHS ngazi hawezi, lakini akiwa ndani anajisogeza mwenyewe mpaka kwenye siti. WCHC ni yule asiyetembea kabisa, anapelekwa mpaka kwenye siti yake. Mama nilimwombea WCHS kwa sababu ndege nyingine zinasimama mbali na jengo na abiria wanapanda kwa ngazi za nje, na zile ngazi kwa magoti yake hapana. Walimletea lile gari lenye chumba kinachonyanyuka mpaka usawa wa mlango wa ndege, akaingia bila kukanyaga hata ngazi moja, alinisimulia hilo gari kuliko alivyonisimulia ndege yenyewe. Na kama mzazi wako anatembea vizuri, shida yake ni lugha na kupotea tu, kuna kifupisho kingine kinaitwa MAAS, hiyo ni huduma ya kupokewa na kuongozwa bila kiti, ila sio kila shirika linaitoa kirahisi, ulizeni mapema. Ulaya wanataka taarifa saa 48 kabla ya safari, mimi nashauri uombe siku ileile unayokata tiketi halafu upige tena siku chache kabla uhakikishe ipo kwenye buking ya kila ndege, sio ya kwanza peke yake. Na tiketi iwe moja mwanzo mpaka mwisho jamani!! Ukiunganisha tiketi mbili tofauti kwa sababu ya bei, ombi la ndege ya kwanza halihamii ya pili, na mzigo mzazi anaweza kulazimika kuufata mwenyewe katikati ya safari na kuuchekini upya.

Wahudumu wenyewe nawapa maksi zote. Yule wa uwanja wa mwisho, kijana tu, hakuwa na neno hata moja la kuongea na mama wakaelewana, akawa anaweka kidole kwenye boding pasi palipoandikwa mzigo umetokea ndege gani, halafu anaonyesha kwenye skrini juu, halafu anamwangalia usoni mpaka mama atikise kichwa ndo anasogeza kiti. Mama njia nzima anamwita "mwanangu". Uhamiaji walipita mstari wa pembeni ambao hauna foleni ndefu, akamshushia begi kwenye mkanda, akamtoa nje mpaka nilipokuwa nimesimama na hakuondoka mpaka alipoona mama amenishika mkono. Nilikuwa nimejiandaa kulia ila sio kwa kiasi kile.

Kilichokula nyota moja ni pale katikati alipobadilisha ndege. Uwanja siutaji, ila walimpokea vizuri mlangoni kisha wakampeleka kwenye sehemu ya kusubiria wenye viti, wakamwacha. Zamu ikabadilika na hakuna aliyekuja kumwambia lolote, maji hana, chooni hajui aende vipi, mimi huku napiga simu haipokelewi kwa sababu vaifai ya pale inataka ujaze namba upokee meseji na laini yake ilikuwa haishiki. Alikuja mtu kumfata dakika za mwisho kabisa wakakimbia mpaka getini. Marekani kanuni inakataza kumwacha abiria asiyeweza kujisogeza kwenye kiti zaidi ya dakika 30 bila mtu wa kumwangalia, na hivi ndo ingetakiwa iwe kila mahali, mtu mzima sio begi la kuwekwa kwenye kona. Niliwaandikia malalamiko wakajibu kwa kuomba radhi, basi.

Kwa hiyo usibane muda wa kuunganisha ndege. Wenye viti wanapanda wa kwanza lakini wanashuka wa mwisho, ndege nzima inaisha ndo wanafatwa, lile saa moja la kuunganisha linaloonekana linatosha kwa kijana, kwa mzazi halitoshi, mimi kuanzia sasa chini ya saa tatu sikati. Dawa zake zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi pamoja na cheti cha daktari, zisiende kwenye begi kubwa. Simu iwe na intaneti inayofanya kazi kabla hajatoka nyumbani.

Kitu kingine ambacho hii huduma haifanyi na msiitegemee, mhudumu anamfikisha mzazi kwa afisa wa uhamiaji lakini maswali hajibu yeye. Mwandikie karatasi moja kwa lugha ya nchi unayosoma: anakuja kwa nani, mtoto wake anasoma chuo gani, atakaa anwani ipi, anarudi tarehe ngapi, namba yako ya simu. Ambatanisha barua ya chuo inayoonyesha wewe ni mwanafunzi, tiketi ya kurudi na bima ya safari. Mama aliitoa ile karatasi kabla hajaulizwa chochote, afisa akaisoma, akauliza jina langu tu, mama akalitaja lote na la baba yake na la babu yake, mhuri ukagongwa.

Kurudi nimeshamwombea tena, safari hii nimechagua njia ya uwanja mwingine wenye muda mrefu kidogo wa kusubiri. Siku ya kuondoka nitaingia nae mpaka kaunta, na kwa mlioko Marekani muulizeni mtu wa kaunta kama shirika lao linatoa pasi ya kumsindikiza mzazi mpaka getini, kuna mashirika yanatoa, unaonyesha kitambulisho na unapita ukaguzi kama abiria, unakaa nae pale mpaka wanapoita wenye viti.