Uzoefu wangu: kufufua Land Rover 109 yenye kutu hapa Dodoma, je, gharama ilistahili?

Nimetumia kama shilingi milioni 11 kuirudisha barabarani Land Rover 109 Series III ambayo niliinunua kwa milioni tatu na nusu ikiwa haiwaki. Ilipotoka gereji, dalali mmoja wa Majengo aliizunguka, akanitajia milioni 12. Kwa hesabu ya biashara hiyo ni hasara. Lakini siiuzi, na nikiulizwa kama gharama ilistahili, jibu langu ni ndiyo. Naeleza sababu kwa kirefu kwa kuwa haziwezi kufaa kila gari. Kipindi hichohicho nilipewa Peugeot 504 kwa bei ya chini zaidi nikaikataa, na kwa uamuzi ule nina uhakika zaidi hata kuliko huu.

Hapa kwetu mtu akienda kuangalia gari la zamani, swali la kwanza ni injini: inawaka au haiwaki? Mimi naiweka injini nyuma kabisa. Injini ya petroli ya Land Rover hizi, yenye 2,286 cc, imekaa wazi, haina kompyuta wala kifaa kinachohitaji mashine ya kupimia. Fundi mzoefu ataifungua na kuifunga, na spea zake bado zinapatikana. Chuma kinachobeba gari ndicho kinachoamua kama fedha yako inaenda mahali au inamwagika.

Land Rover inawadanganya wengi kwa sababu bodi yake haipati kutu ya rangi nyekundu. Ilipozinduliwa mwaka 1948 kwenye maonesho ya Amsterdam, Uingereza ilikuwa bado ina uhaba wa chuma baada ya Vita Kuu ya Pili, wakatengeneza bodi kwa aloi ya alumini, na utaratibu huo ukaendelea hadi Series III iliyoanza kutoka mwaka 1971. Kwa hiyo unaweza kulikuta gari limelala chini ya mwarobaini miaka mingi, mapaja yake (bati za juu ya magurudumu) yako salama, milango inang'aa ukiifuta vumbi, ukadhani limepona. Chini yake kuna chesisi ya chuma, na mbele ya miguu ya dereva kuna ukuta wa chuma unaotenganisha watu na injini. Hivyo viwili ndivyo vinavyoliwa. Tena pale alumini inapogusana na chuma, maji yakiingia katikati, alumini yenyewe huliwa na kugeuka unga mweupe. Ukiuona unga huo kwenye ncha za milango na kuzunguka ribiti, jua maji yamekaa hapo siku nyingi.

Kabla sijatoa hata shilingi niliomba gari lipandishwe jeki na kuwekewa magogo, nikatandika gunia, nikaingia chini na nyundo ndogo na bisibisi ya zamani. Chesisi ya Land Rover ni kama boksi refu lenye uwazi ndani. Tope huingia, hukaa, huziba vitundu vya kutolea maji, na kutu huanza ndani na kutoka nje. Ukiangalia kwa macho utaona rangi nyeusi imetulia. Ukigonga, chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti nzito isiyoenda mbali. Pakitoa sauti hiyo unasukuma bisibisi. Ikiingia, umepata jibu. Nilianzia mbele kwenye hanga za springi, yaani vishikio vyake, nikaenda katikati kwenye mikono inayotoka pembeni kushika bodi, nikamalizia boriti ya nyuma ambayo hupokea tope lote la magurudumu.

Nguzo kuu mbili za chesisi, zile ndefu, zililia vizuri kutoka mbele hadi nyuma. Hapo ndipo nilipoamua kununua. Mikono miwili ya upande wa kulia ilikuwa imekwisha, boriti ya nyuma ilikuwa na tundu upande mmoja, na sakafu ya dereva ungepitisha ngumi ukagusa ardhi. Hayo yote yanakatwa na kubadilishwa. Laiti nguzo kuu zingekuwa zimeoza, ningeshukuru na kuondoka, hata kama injini ingewaka kwa ufunguo mmoja. Uingereza wanauza chesisi mpya zilizochovywa kwenye zinki, lakini ukijumlisha bei, meli na ushuru, umeshavuka thamani ya gari lenyewe.

Gari hili liliishi Kongwa karibu maisha yake yote. Mwenyewe ni bwana shamba mstaafu aliyelipata kwenye mnada wa magari ya serikali. Mkoa wetu hupata mvua chini ya milimita 600 kwa mwaka katika miaka mingi, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki chuma kinakauka. Gari la Tanga au Dar es Salaam linavuta hewa ya chumvi mwaka mzima, na chumvi huharakisha kutu vibaya sana. Ndiyo maana mimi, nikiuziwa gari la zamani, nauliza limeishi wapi kabla sijauliza limetembea kilomita ngapi.

Ile 504 ilikuwa ya baba yangu mdogo, na iliishi Tanga. Naipenda 504. Ilichaguliwa gari la mwaka la Ulaya mwaka 1969, iliunganishwa hadi Kenya, na kwa njia mbovu haikuwa na mpinzani kati ya magari madogo ya wakati wake. Lakini haina chesisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Vile vibati vinavyopita chini ya milango, na pale shokapu za mbele zinaposhikia, vikioza gari limevunjika mgongo hata kama linatembea. Fundi aliyenisindikiza alisukuma bisibisi chini ya mlango wa dereva ikazama mpaka kwenye mpini.

"Mwanangu, gari hili limebeba maharusi wa ukoo mzima," baba mdogo aliniambia.

"Najua, baba. Ndiyo maana sitaki tulizibe kwa fila, ule udongo wa kuzibia bati, na kulipaka rangi, halafu liwakunjikie watoto njiani."

Alinyamaza, kisha akakubali auze injini na viti. Viti vile vilikuwa bado vizuri sana.

Sasa huduma yenyewe. Gereji niliyopeleka iko upande wa Kizota, siitaji jina kwa sababu kuna niliyoyapenda na kuna yaliyonikera. Kazi ya chuma walifanya kwa kiwango ambacho sikutegemea kukipata Dodoma. Walikata mpaka kwenye chuma kinachong'aa, hawakubandika bati juu ya kutu. Walitumia bati la milimita 3 kwenye chesisi. Kwenye sakafu na ule ukuta wa mbele walichomelea kwa mashine ya waya, si vijiti, kwa sababu kijiti hutoboa bati jembamba. Kabla ya kuchomelea walishusha tangi la mafuta na kufungua betri na alteneta bila mimi kusema neno. Nikaona nimefika kwa watu wanaojua kazi. Sehemu hiyo ilinigharimu milioni 2.8, na nikiambiwa nirudie nitalipa tena.

Jambo moja niliwasisitizia tangu mwanzo: namba ya chesisi. Kwenye gari hizi imegongwa kwenye chuma upande wa mbele kulia, jirani na hanga ya springi, na pale ni mahali ambapo kutu hupenda. Mchomeleaji akikata kipande hicho na kukitupa, utakwenda TRA kuhamisha umiliki na gari lisilolingana na kadi yake, na polisi wakikagua utaeleza mpaka jioni. Tulipiga picha namba kabla ya kazi, na kipande kile hakikuguswa. Hiyohiyo ndiyo sababu nilikataa ushauri wa kung'oa injini ya petroli na kuweka ya dizeli ya Toyota. Watu wengi wamefanya hivyo na wanafurahia mafuta, sibishani nao. Lakini utakata na kuchomelea mikono mipya ya kushikia injini kwenye chesisi uliyotoka kuitibu, halafu uanze safari ya kubadilisha namba ya injini kwenye kadi. Kwa ajili ya gari linalotembea kidogo kama langu, haikuwa na maana.

Injini ilikula milioni 3.2 kwa oveholi kamili. Hapa ndipo waliponikera. Injini hizi za 2,286 cc ziko za aina mbili: za zamani zina beringi kuu tatu za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), na kuanzia mwaka 1980 zikaja zenye tano. Fundi wa injini aliagiza beringi Arusha bila kuhesabu, zikaja za aina nyingine. Kuzirudisha kulichukua muda, na nauli ya basi la mizigo walitaka niilipe mimi. Nilikataa, wakailipa wao, lakini mazungumzo hayakuwa matamu. Ukiagiza, fundi afungue sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kwanza ahesabu. Spea zenyewe Arusha zimejaa, maana Land Rover zimebeba watalii kule kwa miongo mingi. Oktoba 2024 mji ule uliandaa tamasha la Land Rover, zikajaa za kila umri. Kwa lami ya Kondoa na Babati mzigo unafika kesho yake. Gerezani, Dar, nako utapata, ila angalia sana ubora wa mipira na bushi.

Breki, springi na shokapu milioni 1.6. Wayaringi laki nne na nusu. Matairi matano, milioni 1.75.

Rangi ilikuwa milioni 1.3, na ndiyo kazi ninayoipa alama ya chini. Walipaka Agosti, uwanjani, chini ya turubai. Anayekaa Dodoma anaujua upepo wa miezi ile na vumbi lake. Paa na boneti vina chembe za mchanga ndani ya rangi, ukipitisha kiganja unazisikia. Waliahidi kupiga msasa na kurudia, wakarudia boneti tu. Isitoshe, alumini inahitaji praima yake maalumu ili rangi ishike, na mlango mmoja wa nyuma umeanza kubabuka, dalili kwamba waliiruka. Kama una fedha ya kazi moja tu mwaka huu, usiianze na rangi. Na ukiipaka, tafuta mwenye chumba kilichofungwa.

Sasa mbona nasema ilistahili? Nina shamba la zabibu Hombolo. Msimu wa mavuno unaangukia kwenye mvua, na zabibu haingoji barabara ikauke. Zamani nilikodi fuso au kirikuu, na kirikuu kikinasa kwenye udongo mweusi, kreti za chini zinapondeka na mnunuzi anashusha bei papo hapo. Kwa milioni 14 na nusu ningepata Toyota IST iliyotumika, nzuri kabisa kwa kwenda kazini Mtumba, kwenye mji wa serikali, lakini isingefika kwenye mizabibu mwezi wa tatu. Landcruiser inayofanya kazi hiyo ingekuwa mara mbili ya fedha hiyo au zaidi. Kuagiza gari la zamani kutoka nje nako kuna ushuru wa ziada wa uchakavu. Kwa hiyo nililinganisha gharama na kazi, sikulinganisha na bei ya kuuza. Ukiwa unafufua gari ili uliuze, waachie wenye kujua biashara hiyo. Wengi wao hununua chuma kizima tangu mwanzo.

Mafuta yake ni mengi, silifichi hilo. Kilomita sita kwa lita ikiwa lami na mguu umetulia, na Hombolo hupati hizo. Kila siku nisingelimudu. Kwa safari za shamba, mbolea, dawa na mavuno, nalimudu. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo siku linapolala halinidai chochote zaidi ya bima. Unaponunua lililolala muda mrefu, hata hivyo, hakikisha TRA kwamba halina deni la nyuma lililobaki.

Wengi wameniuliza kama kutu itarudi. Itarudi ukiiachia nafasi. Tumezibua vitundu vyote vya chesisi, na kabla ya Desemba fundi atapuliza oili ndani ya boksi lote mpaka ichuruzike upande wa pili. Baada ya kila safari ya tope naosha chini kwanza, bodi baadaye. Gereji ile nitairudia kwa kazi yoyote ya chuma. Mlango unaobabuka nimeshatafuta fundi mwingine Chang'ombe, mwenye chumba, na nimemwambia wazi atumie praima ya alumini ndipo tukubaliane bei.