Nilimpeleka binti yangu kwa skauti wadogo hapa Jinja: uzoefu wangu

Mama mkwe wangu nusura aharibu mambo kabla hayajaanza. Tulipofika uwanjani, kijana mwenye skafu shingoni alitujia akitabasamu, akamnyooshea binti yangu mkono. Wa kushoto! Bibi akamvuta mjukuu wake nyuma. Kwetu mtaani Walukuba, mtoto akipokea hata peremende kwa mkono huo anaambiwa airudishe, aombe upya.

Kijana hakununa. Aliinama, akamshika bibi mkono wa kulia, "Shikamoo bibi," kisha ndipo akaeleza. Skauti husalimiana kwa mkono wa kushoto. Wengine husema ni kwa sababu uko upande wa moyo. Ipo pia hadithi ya zamani ya wapiganaji wa Ashanti, huko Ghana, walioshika ngao kwa kushoto: anayekupa mkono huo ameiweka ngao chini, amekuamini. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Basi salimianeni hivyo hapahapa. Nyumbani kwangu msiulete." Mpaka leo hiyo ndiyo sheria, na mtoto anaijua mipaka yake vizuri kuliko mimi.

Binti yangu ana miaka 7, ndiyo maana tulielekezwa kwenye kundi la wadogo, la wavulana na wasichana pamoja. Hukutana Jumamosi kwenye uwanja wa shule ya msingi, na siku hiyo ilikuwa ya kukaribisha familia, bila kiingilio. Jirani aliniuliza kwa nini nisimpeleke kwa Girl Guides, maana ni msichana. Sikuwa na jibu kubwa. Hawa wako karibu, naye ana kaka mdogo atakayemfuata.

Nilikwenda nikijua nitakachokuta: viti vya plastiki, mgeni rasmi asiyefika, hotuba za saa mbili, soda ya moto. Hotuba ilikuwa moja, ya dakika kumi hivi. Tuliambiwa skauti ilianza Uingereza mwaka 1907, Robert Baden-Powell alipowapeleka wavulana wapatao 20 kupiga kambi kisiwa cha Brownsea, na kwamba Uganda iliingia mwaka 1915. Mzee huyo amezikwa Nyeri, hapo Kenya tu. Nina shangazi Nyeri na sikuwahi kulisikia hilo!

Baada ya hapo kila mzazi alikabidhiwa kipande cha kamba.

Hapo ndipo waliponipata. Tulifundishwa fundo la kuunganisha ncha mbili: kulia juu ya kushoto, pitisha chini, kisha kushoto juu ya kulia, pitisha chini. Linasikika jepesi. Mimi nilirudia kulia mara mbili, na nilipovuta likajipinda na kuteleza. Baba watoto, anayefunga mizigo kwenye pikipiki kila siku ya Mungu, alifanya kosa lilelile na akabisha kwamba ni kamba mbovu. Mtoto wa miaka tisa ndiye aliyemwonyesha tofauti: fundo sahihi hulala bapa, ndiyo maana hutumika kufungia bandeji, halimchomi mgonjwa. Kiongozi akaongeza kwamba mtu asilitegemee kubeba uzito au kumwokoa mtu, kwa sababu linaweza kufunguka. Nilipenda hapo. Anayekufundisha kitu na kukuambia mahali kisipofaa, huyo anakijua.

Swali langu la maana niliuliza pembeni: nani anabaki na watoto? Nilijibiwa moja kwa moja kwamba mtu mzima hakai peke yake na mtoto faraghani, na kwamba mzazi anaruhusiwa kufika wakati wowote bila taarifa. Nimelijaribu hilo mara mbili, bila kupiga simu. Mara zote nilikuta viongozi wawili au zaidi, na hakuna aliyeshtuka kuniona. Kambi ya kulala nje si ya umri wake bado. Wakubwa wao huenda Kaazi, kambi ya skauti iliyo ufukweni mwa Ziwa Victoria upande wa Busabala. Binti yangu tayari anahesabu miaka.

Kuhusu dini, nilikuwa na wasiwasi, sisi ni Waislamu na nilidhani ni jambo la kanisani. Ahadi yao inamtaja Mungu, na kila mtoto huapa kwa imani yake. Kundini wamo wa aina zote. Lililonisumbua ni saa tu: wanaanza saa nne asubuhi, madrasa inaisha saa sita. Ustadhi amekubali amsikilize masomo yake Ijumaa jioni, lakini ilinibidi niombe sana, na si kila ustadhi atakubali.

Sasa manung'uniko. Saa nne yao ni saa tano kasoro. Siku ya wageni hakuna aliyetaja gharama. Wiki iliyofuata nikaletewa karatasi ya ada ya muhula shilingi 15,000, skafu 10,000, na shati la kaki la kushonesha kwa fundi wako. Si fedha nyingi kupita kiasi, lakini mwenye watoto watatu angetaka kujua mapema. Tena maelezo yote ni ya Kiingereza na Luganda. Mama mmoja kutoka Kongo alikaa nyuma akitabasamu bila kuelewa neno, mpaka nilipoanza kumtafsiria. Jinja hii, ambako Kiswahili kimejaa sokoni na kwenye stendi! Nimewaambia, wakaniomba niwe ninatafsiri. Ndivyo nilivyopata kazi isiyo na mshahara.

Ningewapa nne kati ya tano. Ile moja wataipata wakijifunza kuangalia saa.

Mkienda, bebeni maji na kofia. Uwanja una mwembe mmoja tu, na kivuli chake mama mkwe wangu ameshakichukua.