Klabu ya kuonja mvinyo mtandaoni: vichupa nachukua, mwongozaji namwacha

Marafiki zangu wametawanyika, na maongezi yetu ya video ya kila mwezi yalikuwa yameanza kukauka. Nikalipia huduma inayokuanzishia klabu ya kuonja mvinyo: unawapa majina na anwani, wanamtumia kila mmoja kasha la vichupa sita vya mililita 50, kisha mtaalamu wao anaingia hewani kuwaongoza kwa saa moja na nusu.

Vichupa ndivyo vilivyonivuta. Chupa ya kawaida ni mililita 750. Kila mtu akifungua sita peke yake nyumbani, hapo hakuna kuonja tena, ni kichwa cha kesho asubuhi. Sita vidogo ni mililita 300, kama glasi mbili, na kila kimoja kinatosha kunusa, kuonja, na kurudia ukibishiwa.

Mwenzetu mmoja kifuniko chake kilikuja kimelegea. Sisi tunasema tofaa, yeye anasema siki. Tukamcheka, kumbe pua yake ilikuwa sahihi: hewa ilishaingia, na kwenye kichupa kidogo haihitaji muda mrefu kuuharibu mvinyo. Nililalamika, nikajibiwa kwa kuponi ya punguzo. Sikuomba kuponi, niliomba kichupa.

Karatasi ya maelekezo nayo haikugusia ubaridi hata kwa mstari mmoja. Mvinyo mweupe unapendeza kwenye nyuzi 8 hadi 12 hivi. Wengi wetu tuliutoa kwenye friji na kuumimina papo hapo, ukawa haunuki chochote. Mwingine alikuwa ameweka mwekundu juu ya friji, penye joto. Alipoinamisha pua akapokewa na spiriti.

Sasa mwongozaji. Mcheshi, anajua kazi yake, lakini hana subira. Kabla hatujanusa anatangaza, "Hapa mtapata cheri." Basi watu tisa wote wakapata cheri! Alitusimulia vizuri sana shindano la mvinyo la Paris la 1976, lile la Steven Spurrier, mfanyabiashara wa mvinyo Mwingereza, ambapo majaji wa Kifaransa walionja bila kuona lebo wakaipa California ushindi. Alipomaliza kusimulia, akainua chupa inayofuata mbele ya kamera, lebo ikitutazama.

Mwezi uliofuata nilichukua vichupa peke yake, yaani bila mtu wao. Niliomba vije na namba tu, majina nitumiwe mimi kwenye bahasha, na sikutozwa zaidi. Tulizima maiki dakika tatu kwa kila kichupa, kila mtu akaandika kwa kalamu nene, kisha karatasi zote zikainuliwa kwa pamoja. Namba nne mmoja aliandika "chai ya rangi iliyosahaulika jikoni". Ilikuwa Cabernet Sauvignon, mvinyo mwekundu wa zabibu za jina hilo, na tanini inayokausha ulimi kwenye zabibu zile imo pia kwenye majani ya chai. Tulibishana namba nne hiyo kwa nusu saa nzima. (Kutema mvinyo baada ya kuonja tumekubaliana: unageuza kamera kwanza.)

Kifurushi chenye mwongozaji nakipa nyota mbili, cha vichupa peke yake nne. Ya tano imebaki kwenye kile kifuniko. Mwezi ujao nimeagiza vya watu sita badala ya tisa, maana karatasi tisa kwenye skrini ya simu hazisomeki.